Shajara ya mradi: majitaka ya mtaa wetu yafike Ruai

Februari, jua kali

Tumeanza kwa miguu. Kabla hata bomba moja halijanunuliwa, kikundi chetu cha wakazi wa Dandora, Nairobi, upande unaoshuka Mto Nairobi, kimeamua kujua laini ya majitaka inapita wapi hasa, ploti zipi zimeungwa nayo na zipi zinamwaga kwingine. Ramani za zamani zipo, ila mtaa ulio kwenye ramani hizo si huu tunaoishi. Dandora ilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja vipatavyo 6,000, kila kimoja na choo na bafu lake, na mwenyewe akaachiwa aongeze vyumba kadiri mfuko ulivyoruhusu. Bomba la wakati ule lilipimwa kwa watu wachache. Leo kwenye kiwanja kilekile limesimama jengo la orofa tano au sita, vyoo kila orofa, na chini yake bomba ni lilelile.

Naandika lengo letu hapa juu lisije likatupotea: mtu akiflashi choo huku kwetu, maji yale yafike kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ulioko Ruai. Wengi wanaujua kwa jina la mtambo wa Dandora ingawa uko mbele zaidi, mashariki. Ndio mkubwa kuliko yote jijini. Ulisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku, yaani lita milioni 160. Ule wa Kariobangi, ulio jirani yetu, ulijengewa mita za ujazo 32,000 kwa siku. Mto ukinuka watu hunyoosha kidole Ruai, na nimeyasikia maneno hayo barazani na ndani ya matatu. Lakini mto unapita hapa kwetu kabla haujafika Ruai, na hapa tayari ni mweusi. Uchafu huo haujawahi kuuona mtambo. Umeingia mtoni huko juu na hapa kwetu, ploti kwa ploti, mtaro kwa mtaro.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichotafuta ni mitaro ya mvua yenye maji. Mwezi huu hakujanyesha hata manyunyu. Mtaro unaotiririka saa kumi na mbili asubuhi, watu wakioga kwenda kazini, umebeba kitu kingine. Tuliichora yote kwa kalamu nyekundu. Karatasi ilijaa wekundu kuliko nilivyotegemea, hasa safu ya chini.

Wiki ya mwisho ya Februari

Manholi, yale mashimo ya kukagulia laini, zimefunguliwa, tukiwa na mafundi wa kampuni ya maji, maana laini ni yao na hakuna anayeruhusiwa kuigusa bila wao. Kadhaa hazikuwa na vifuniko kabisa. Vya chuma vimeibwa vikauzwa kwa kilo. Hata Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, huku kwetu mashimo yaliendelea kukaa wazi, na shimo lililo wazi hugeuka jaa.

Manholi iliyo karibu na kioski cha maji ndiyo nitakayoikumbuka. Fundi alikiinua kifuniko cha zege kwa mtaimbo. Juu ya maji pametanda utando mnene wa mafuta yaliyoganda, rangi ya uji uliopoa, na ndani yake vimenasa nepi, sodo, vitambaa vya kudeki, nywele za bandia, na mifuko ya plastiki ambayo nchi hii iliipiga marufuku 2017. Fundi akasukuma rodi, fimbo ndefu ya kuzibulia, akaongeza nyingine, akazungusha. Mara kitu kikalegea huko ndani, maji yakashuka kwa mngurumo, na kuta zikaonekana na alama ya mahali maji yalipokuwa yamesimama. Alama hiyo ilikuwa juu ya mdomo wa bomba linalotoka kwenye ploti. Maana yake kila choo cha safu ile kilikuwa kinasukuma dhidi ya maji yaliyosimama. Mwenye ploti akichoka kuona chemba yake, kishimo cha kukagulia bomba la choo, inafurika uani, anamwita mtu usiku, anatoboa ukuta, anaelekeza bomba mtaroni. Tatizo limemtoka yeye, limehamia mtoni. Siwezi kusema nakubaliana naye, lakini nikiwa nimesimama pale niliona vizuri alivyofika huko.

Kanuni moja tumeiweka na haina mjadala: hakuna anayeingia ndani ya manholi. Majitaka yaliyosimama hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka yai bovu. Ikizidi pua inakufa ganzi na mtu hasikii tena harufu yoyote, anadhani hewa imesafika, kumbe ndipo anapoanguka. Vijana wetu wana mioyo mikubwa na wangejitosa kumwokoa mwenzao. Kwa hiyo vifuniko vya juu na chini hufunguliwa mapema hewa ipite, kazi inafanyika kwa rodi kutoka barabarani, na anayevuta sigara anakaa mbali.

Machi

Rangi ya kufuatilia maji ya choo imefika. Ni unga wa fluoresini. Kijiko kimoja ndani ya ndoo kinageuza maji kuwa kijani inayong'aa. Mmoja anamwaga chooni na kuflashi, mwingine yuko kwenye manholi, mwingine mtaroni, mwingine ukingoni mwa mto, wote simu sikioni.

Ploti ya orofa sita iliyo kwenye kona, keateka, mwangalizi wa jengo, alikuwa ametuhakikishia: "Sisi tumeungwa kitambo, muulizeni landilodi." Hatukubishana naye, tulimwomba ruhusa tu. Ndoo ikamwagwa orofa ya pili. Tukangoja. Kwenye manholi kimya. Kisha simu kutoka mtaroni: "Imetokea huku!" Kijani ilitoka kwenye bomba lililofunikwa na mawe chini ya ngazi, ikapita mbele ya meza ya mama mboga, ikakunja kona. Watoto waliotoka shule walikimbia wakiifuata mpaka mtoni, ikachanganyika na maji meusi ikapotea. Mama mboga alishika kiuno akaitazama muda mrefu. "Kumbe haya ninayoyaruka kila asubuhi na sukuma wiki yangu ni ya choo?" Keateka hakusema neno. Jioni alinipigia simu mwenyewe akaniuliza kuunganisha kunahitaji nini.

Hiyo rangi imefanya kazi ambayo mikutano yetu yote haikuifanya. Mtu anaweza kukataa karatasi. Kijani aliyoiona kwa macho yake hawezi kuikataa.

Aprili, masika

Mvua imeanza na kazi ya kuchimba haiwezekani, ila mvua yenyewe imetuonyesha kitu. Laini za majitaka za Nairobi, kwa sehemu kubwa, zimejengwa kando na mitaro ya mvua. Bomba la choo halikupimwa kubeba maji ya paa. Sasa ona kwetu: mabati yamejaa, gata zinashusha maji, na bomba la gata linaingia moja kwa moja kwenye chemba ya choo, kwa kuwa ndilo shimo lililo karibu. Dakika kumi za mvua kubwa na manholi ya chini inainua kifuniko chake. Yanayotoka pale yanaingia barabarani, mtaroni, mtoni.

Kung'oa gata kutoka kwenye chemba ni kazi ya nusu siku na kipande cha bomba. Haihitaji mfadhili wala mhandisi. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuhimiza mitaa mingine, lingekuwa hili. Orodha ya gata za kuhamishwa imeanza, na tumeshazihamisha zile za jirani wa kikundi.

Mei

Mwezi mgumu, na sababu si mvua.

Tulipoanza kupima ploti za safu ya mwisho, zile zinazopakana na mto, milango ilifungwa. Watu waliona utepe wa kupimia na rangi ukutani wakajua habari moja tu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru wanaoishi kandokando ya mito wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na kwingineko. Mei 2020, wakati wa korona, familia za Kariobangi Kaskazini zilibomolewa nyumba kwenye ardhi inayohusishwa na mtambo wa majitaka. Kwa mtu aliyeshuhudia hayo, anayekuja kuuliza "choo chako kinamwaga wapi?" ni mtangulizi wa tingatinga.

Shosho mmoja, mwenye vyumba vinne vya mabati na mtaji wa makaa, alituambia wazi: "Wajukuu wangu, nyinyi ni wazuri, lakini mkiandika jina langu hapo mtakuwa mmenifukuza." Mzee wa nyumba kumi aliyetuongoza akamjibu kwa upole, "Mama, hatuandiki jina la mtu. Tunaandika bomba." Shosho akasema bomba nalo lina mwenyewe.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Tulirudi kikaoni tukabadilisha utaratibu: hakuna rangi ukutani, hakuna majina, ramani inabaki kwa kikundi, na kila safu inachagua mtu wake wa kuja kuiangalia wakati wowote. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Haisemi mwenye hati ya ploti peke yake. Mimi sitaki mto safi uliopatikana kwa kumtupa shosho njiani, na nimesema hivyo kwenye kikao ili iandikwe. Mto unachafuliwa zaidi na waliojenga orofa sita mbali na ukingo kuliko anavyouchafua yeye na choo chake cha shimo.

Mwisho wa mwezi alituita mwenyewe. Alitaka kujua kama bomba likipita kwake, choo cha shimo kitafukiwa, maana mvua ikinyesha kinajaa na wajukuu zake huharisha.

Juni na Julai

Tumechimba. Hapa kuna mengi ila mengine ni jasho tu.

Jambo la kuandika ni mteremko. Bomba la majitaka halisukumwi na kitu isipokuwa mteremko wake. Ukiwa mdogo mno maji yanatambaa, mchanga na kinyesi vinabaki, bomba linaziba. Yanahitaji kwenda angalau mita 0.6 kwa sekunde ili yajisafishie njia. Kwa bomba letu la milimita 150 tulilenga 1 kwa 60, yaani kushuka mita moja kwa kila mita 60, na kila kipande kilipimwa kwa leveli kabla ya kufukiwa, hata pale watu walipokuwa wamechoka na jua linazama. Chini ya bomba tulitandaza mchanga uliochekechwa, maana udongo wetu mweusi wa mfinyanzi unavimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, na jiwe moja chini ya bomba linatosha kulipasua. Kila kipande kilijazwa maji kikaachwa, tukaangalia kama kina kinashuka. Kimoja kilishuka; kiungo kilikuwa na udongo kwenye raba. Kikafunguliwa, kikasafishwa, kikafungwa tena.

Vifuniko vipya ni vya zege. Havina bei kwa muuza chuma.

Agosti: Ruai

Tumekwenda kuona mwisho wa laini yetu. Nilitaka wenye ploti waende, si mafundi tu, na wengi walikuja, keateka wa kona akiwa wa kwanza kupanda gari.

Majitaka yanaingia kwa kelele kupitia nondo zilizopangwa kama chanuo, na pale ndipo watu wote walinyamaza. Nepi, vitambaa, plastiki, chupa. Mama mmoja alisema taratibu, "Hizi ndizo zetu." Baada ya nondo kuna njia pana ambapo maji hupunguzwa kasi mchanga uanguke. Kisha mabwawa, mengi, yamepangwa kwa safu mpaka jicho lichoke. Hakuna mashine kubwa inayounguruma. Kazi inafanywa na bakteria, mwani, jua na muda.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini na halina hewa. Tope linazama, bakteria wasiohitaji oksijeni wanalila, na viputo vya methani vinapanda juu. Katika joto kama letu hatua hiyo pekee huondoa takriban nusu ya mzigo wa uchafu. La pili lina kina kifupi na rangi ya kijani kibichi: mchana mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kumalizia kilichobaki. Ya mwisho ni mafupi zaidi. Hapo jua linapenya mpaka chini, mwani unaipandisha pH, yaani asidi ya maji inapungua, na vijidudu vya kuhara vinakufa. Mayai ya minyoo yamekwisha kuzama nyuma. Juu ya mabwawa hayo wamejaa ndege wa majini, wengine wamehama kutoka Ulaya kukimbia baridi. Mahali hapa wapenda ndege wanapajua vizuri na pameorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Kijana wetu mmoja alisema hakuwahi kufikiri korongo anaweza kuridhika na maji yaliyotoka Dandora.

Kuna mambo mawili niliyoyabeba. Mchanga wetu, ule tunaoufagilia ndani ya manholi, unakuja kutua kwenye mabwawa haya. Tope na mchanga vikijaa, nafasi inapungua, maji yanapita haraka kuliko inavyotakiwa na kutoka kabla hayajaiva. Bwawa linaweza kuwa na ukubwa uleule kwenye karatasi na uwezo mdogo majini. La pili ni njia kati yetu na hapa. Kuna mahali wakulima huziba manholi kwa magunia ya mchanga ili majitaka yapande na kumwagilia mboga. Naelewa, maji yana mbolea na mvua haina ahadi. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri yai moja la minyoo kwa lita, lisizidi, kwa maji ya kumwagilia mboga, na majitaka mabichi hayakaribii hapo. Mboga hizo zinarudi sokoni kwetu. Ningependa siku moja wakulima hao wapate maji ya bwawa la mwisho kwa utaratibu, kuliko kufukuzana nao shimo kwa shimo.

Maji yakitoka Ruai yanarudi Mto Nairobi, yanaungana na Athi, yanapita Fourteen Falls, yanashuka Ukambani ambako Bwawa la Thwake linategemea mto huohuo, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, yanaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu uliobaki, kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira, na 30 za chembe zinazoelea. Tulipokuwa tukirudi, mama mboga, ambaye kwao ni Makueni, alisema dada yake anachota maji kutoka Athi. Gari zima lilimsikia.

Septemba

Rangi imerudiwa safu nzima, ploti moja moja. Zote zilizoungwa zimetokea kwenye manholi, hakuna hata moja mtaroni. Mtaro wa kona, uliokuwa ukitiririka kila alfajiri, sasa ni mkavu na una vumbi. Mama mboga ameisogeza meza yake karibu nao maana kuna kivuli.

Mto haujabadilika rangi. Nalisema ili asiyekuwapo asije akatarajia. Juu yetu kuna Mathare, Korogocho, Gikomba, karakana na viwanda, na jijini ni karibu nusu tu ya wakazi walioungwa na laini ya majitaka. Kazi yetu imepunguza kilichokuwa kikitoka kwetu, na hilo tunaweza kulionyesha kwa mkono. Vikundi viwili vya upande wa juu vimeomba tuwape utaratibu wa rangi. Tumewapa pamoja na unga uliobaki.

Shosho ameungwa. Choo cha shimo kimenyonywa na lori, kikafukiwa, na juu yake amepanda mboga za managu.

Oktoba, kabla ya vuli

Zimebaki ploti za mwisho kabisa, zilizo chini kuliko laini. Maji hayapandi mlima. Kuna waliopendekeza pampu, lakini pampu inataka umeme, na umeme ukikatika kinyesi kinafurika mtoni usiku watu wakiwa wamelala, siipendi. Kuna waliopendekeza tangi la pamoja la kunyonywa na lori, ila lori haliwezi kufika kwa barabara ile na wapangaji ndio watakaobebeshwa gharama. Tunachokipendelea ni bomba linalofuata kontua, mstari wa ardhi ya kimo kimoja, kandokando ya mto hadi manholi iliyo chini zaidi, mteremko mtupu mwanzo hadi mwisho. Leveli inasema inawezekana, japo kwa mteremko mdogo, hivyo litahitaji chemba nyingi za kusafishia. Linapita kwenye ardhi ya ukingo wa mto, kwa hiyo lazima kibali, na maombi yamepelekwa yakiwa na vipimo na mchoro.

Kibali kikija kabla ya mvua tunaanza upande wa chini kupanda juu. Kikichelewa, mtaro wa kuchimba haufunguliwi mpaka Januari; nani atafunika shimo la mita mbili lililojaa maji karibu na watoto? Wakati huo huo gata zilizobaki zihamishwe, ni za safu ya kati, na manholi tatu za juu zisukumwe rodi kabla ya mvua ya kwanza. Kikao ni Jumamosi saa nane ukumbi wa kanisa. Wenye ploti za chini waje, na wapangaji wao wawe nao.